Sahani Iliyofunikwa ya Mama Barthélemy

Jua la Bweremana limeshapanda, na meko matatu nyuma ya ukumbi wa kanisa yanafuka moshi kwa pamoja. Dancille Nyirabagenzi anasonga bugali wa muhogo kwa mwiko mrefu, miguu ameitanua, kitenge amekikaza kiunoni. Ndani ya ukumbi, upande wa pili wa dirisha lisilo na kioo, profesa aliyetoka Bukavu anazungumza juu ya watoto wanaowaonea wenzao shuleni.

Ni siku ya pili ya kongamano. Watafiti wa tabia za ukatili wamekutana na walimu hapa, kando ya Ziwa Kivu, kwa sababu barabara ya kupanda Masisi haiaminiki mwaka huu wa 2011. Dancille ameitwa kupika, si kusikiliza. Lakini nani atamziba masikio?

"Banasema sana juu ya mutoto mwenye kupigwa," anasema, akipangusa jasho kwa kiwiko. "Ni muzuri. Lakini mimi niko nangoja baseme juu ya ule mwenye kupiga. Ule naye iko na mama."

Mama huyo ni yeye.

Hapa jikoni hakuna anayemwita Dancille. Ni Mama Barthélemy, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Miaka mitano sasa hajamwona mwenye jina, na watu wanalitaja kutwa nzima wakimwomba chumvi, kuni, ndoo. "Nikisikia ile jina, naangalia barabara kwanza. Kisha njo naitika."

Alizaliwa Kirolirwe, kwenye vilima vya malisho, katika ukoo uliolima maharage na viazi hapo tangu mababu. Barthélemy alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, mwepesi wa kucheka. Kisha baba yake akauawa njiani akitoka sokoni, na muuaji hakujulikana. Kijana akaipeleka hasira shuleni, kwa wadogo kuliko yeye.

Majirani hawakumwonea haya mama. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, walimwambia, tena wakati bado yuko kwenye matanga. Mwaka 2006 shule ikamfukuza kijana. Juma lilelile akashika njia ya Walikale. Mwaka uliofuata vita vikamfukuza mama naye, na mwendo wake ukaishia hapa ziwani. Siku za kawaida huuza mandazi, na zikiwa njema hubaki na faranga elfu mbili. Amepanga chumba kimoja cha mbao. Barthélemy hajawahi kukiona.

Alipo panajulikana. Papa Kataliko, mfanyabiashara wa Butembo anayepeleka chumvi na sabuni Walikale, humkuta kijana akibeba mizigo kwenye soko la Mpofi. Kila lori likienda, Dancille hutuma neno moja: arudi. Jibu nalo huwa moja.

"Anasema, 'Ambia mama, nitarudi na uso gani? Bale nilipiga, bote bako kule,'" Papa Kataliko anasimulia, akiwa amekuja jikoni kufuata pesa za chumvi na kunusa masufuria. "Mimi namwambia, batu balisahau. Haniamini. Na kusema kweli, mimi mwenyewe siko najua kama balisahau."

Mtoto akikunyea mkononi, huukati mkono. Dancille hakuukata. Kila apikapo, nyumbani au kwa watu, hutenga sahani ya mwanawe na kuifunika kwa nyingine, kama wafanyavyo vilimani kwa aliye safarini. Haiguswi mpaka wote waliopo wamekula na kunawa mikono. Ndipo hupewa mpita njia.

Leo mpita njia amechelewa. Watu wamekula, wamenawa, sufuria zimekwanguliwa, ndipo anapotokea mwalimu kijana, suruali imejaa tope hadi magotini. Pikipiki imemwangusha mara mbili. Anaomba hata maji tu.

Dancille anamtazama, anaifunua sahani. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, vidagaa vya ziwani, wa kukaanga.

"Kula, mwanangu. Ni ya mutu haiko."

Anakula kwa njaa ya kweli. Amefika nusu, mwanamke mmoja anaita kutoka kwenye meko: "Mama Barthélemy, ile chumvi iko wapi?"

Mwalimu anaacha kutafuna.

"Mama, weye iko wa wapi?"

"Kirolirwe."

"Barthélemy mwenye kovu hapa?" Anagusa nyusi yake.

"Njo huyo. Unamujua?"

Anaiweka sahani chini polepole. Anaitwa Marcellin Sebarenzi. Shuleni alikaa dawati la mbele ya Barthélemy, na viazi alivyofungiwa na mama yake mwenyewe asubuhi, kwa mwaka mzima, hakuwahi kuvila.

Dancille analijua jina la Marcellin. Mkuu wa shule alimtajia, kati ya waliopigwa, siku ile ya kumfukuza Barthélemy. Anakaa kwenye kigogo. "Mutoto," anasema, "mimi njo nilimuzaa. Unipatie mimi ile makosa."

"Hapana, mama. Yako haiko. Nilikuja kwa hii kongamano sababu yake. Nikiona mutoto anapiga mwenzake mu darasa yangu, natoka inje kwanza. Siwezi kusema nilisamehe. Sijue bado."

Dancille hamwombi zaidi. Analia bila kujificha, na wanawake wanageuza nyuso zao kwenye masufuria.

Marcellin anaitazama sahani. Kisha anaivuta tena, anamaliza kila kilichomo, taratibu, mpaka sombe ya mwisho. Ananawa. Dancille anapomwambia kwamba Papa Kataliko, ambaye bado yupo jikoni, ndiye hupeleka maneno Walikale, anamwomba mzee simu yake, arekodi sauti.

"Barthélemy, ni mimi Marcellin. Viazi yangu, ulikula. Leo mama yako amenipatia chakula yako, nimekula yote. Sikusahau. Lakini kuya, tuonane. Mama yako anazeeka."

Lori litaondoka Ijumaa, Mungu akiifungua barabara. Papa Kataliko anairudisha simu mfukoni, kisha anaipapasa kuhakikisha ipo, mzee aliyezoea kubeba mifuko ya chumvi.

Kwa Dancille, mpango umebadilika. Hatatuma tena neno lake. Lile limekwenda mara nyingi likarudi tupu. Atangoja hili la Marcellin lifanye kazi yake. Na Barthélemy akifika, anasema, mambo ya sahani ya pembeni yatakwisha.

"Nitapika moja, kubwa, niiweke katikati yao babili. Bakishindwa kuongea, bakule tu. Mimi nitakaa karibu na mulango."

Ukumbini mtu anaita Mama Barthélemy, chai inahitajika. Dancille anaangalia barabara kwanza. Kisha anaitika.