Kaburi Lililotutoa Sabaki

Miaka ya themanini, hoteli za Waitaliano zilipoanza kusogea kutoka Malindi kuja upande wetu wa Sabaki, shamba letu ambalo hakuna aliyewahi kulitamani likapata mwenyewe. Alitoka mjini, mzee wa umri wa baba yangu, kanzu safi, akaiambia kamati ya ardhi kwamba sisi ni maskwota tu. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na watoto wawili. Tukifukuzwa pale, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na pa kwenda.

Hati hatukuwa nayo. Tulikuwa na kaburi. Kwetu mtu akiulizwa shamba ni la nani, huonyesha walikozikwa wazee wake, na baba tangu utotoni aliambiwa na mama yake, "Babako amelala pale," chini ya mkorosho wa mwisho karibu na mto. Baba hakumjua huyo babake. Alichokuwa nacho ni masimulizi ya nyanya kuhusu mumewe, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, mtu mwenye bangili ya shaba iliyokuwa haitoki mkononi. Kwamba alirudi, nyanya hakuwahi kusema. Hilo tulilijaza wenyewe.

Siku kamati ilipokuja, mzee wa mjini alilitazama kaburi akasema, "Hili ni la baba yangu."

"Ni la baba yangu mimi," akasema baba.

Wazee wawili wazima, wanagombea maiti. Niliona aibu, lakini hofu ilizidi. Mwenyekiti akasema bila ushahidi hawezi kukata shauri. Baba, ambaye akipandwa na hasira hashikiki, akajibu kuwa ushahidi umo humo chini, mtu na bangili yake. Mzee wa mjini akasema makaburi hayafukuliwi, ni haramu. Baba akaona huyo keshaogopa, akaenda kuchukua jembe.

Nyanya alikuwa ameketi mlangoni. "Usichimbe, mwanangu," alimwambia. Baba alipomuuliza kwa nini, alirudia maneno yale yale.

"Mama, nakuokolea nyumba yako," baba akasema, akampita.

Kilichoonekana hakikuhitaji kuelezwa. Mifupa ilikuwa imelazwa kwa ubavu ndani ya mwanandani, lile pango ambalo Waislamu huchimba kando ya kaburi, uso umeelekea kibla. Sisi hatukuwa Waislamu. Bangili haikuwamo. Baba aliuchambua mchanga kwa vidole mpaka mwenyekiti akamshika bega. Ndipo akatema mate kando, akasema mbele ya watu wote, "Huyu si wetu. Mchukueni."

Wakamchukua ndani ya shuka nyeupe wakaenda kumzika mjini kwao. Shamba likaenda naye.

Nyanya alikuja kusema tulipokuwa tukibomoa nyumba. Mimi na baba tulikuwa tukiyafunga makuti, naye ameketi juu ya kinu bila kututazama.

"Mume wangu hakurudi," alisema. "Huyo mliyemfukua, mwenye shamba, alinikuta hapa peke yangu. Akakuzaa wewe, akafa ukiwa hujatambaa. Sikukudanganya hata siku moja."

Baba aliiacha kamba ikaanguka. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Mbele ya wanaume wale? Mbele ya huyu mjukuu wangu?"

Nilimchukia nyanya siku ile, na sioni haya kulisema. Kisha nikamwona alivyojikunyata pale juu ya kinu, chuki ikakosa pa kukaa. Usiku wa kwanza tulilala kwa watu huko Marafa, na baba hakula. Hakula vizuri tena maisha yake yote.

Baada ya wiki chache alivaa shati lake la kanisani, nikamsindikiza mjini. Yule mzee alifungua mlango mwenyewe. Baba alimpa mkono, akamuuliza kwa upole wamemzika wapi yule marehemu wa Sabaki.

"Wewe ni nani kwake?"

Walitazamana. Watu wa nyumba ile walikuwa wameketi barazani wanasikiliza, wake kwa waume. Kwa jibu la kweli angemvua mama yake nguo mbele yao, na wao wangedhani amerudia shamba. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Si mtu wake," akasema baba. "Niliuliza tu."