Mama Wakwe wa Fundi Tarehe

"Nimembeba tumboni miezi tisa, nikamzaa, nikamlea, nikamsomesha, nikakupa wewe umuoe," mama mkwe akasema, "halafu leo simu yako inaniambia nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Basi nitafutie shimo nijifukie, maana kumbe nilishakufa sina habari."

Fundi alikuwa amejibanza nyuma ya cherehani, tepu ya kupimia shingoni, macho kwenye pedali.

"Si mimi, mama. Ni Karani."

"Huyo Karani nimemuozesha binti gani?"

Mimi nauza vifungo na zipu mlango unaofuata, kwenye korido ambayo mtu akipiga chafya kule kwenye fotokopi unampa pole ukiwa umekaa kwako. Kwa hiyo sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikia.

Huyu fundi tunamwita Tarehe. Mafundi wengine wa hapa ukiwaulizia nguo yako wanakwambia imebaki vifungo tu, na kitambaa hakijaguswa hata na vumbi. Tarehe hapana. Ukimletea kitambaa, kabla ya mkasi anakigeuza upande wa ndani, anaandika siku kwa chaki: Jumatano. Ikishaandikwa imeandikwa. Kuna Jumatano alishona jino linamuuma, shavu limevimba kama amehifadhi ndimu, na mwenye suruali akaondoka na suruali yake. Nguo zake si nzuri kuliko za wengine, nisimpambe. Lakini zinakuja.

Tabu ilianza wateja walipozidi. Mguu kwenye pedali, mkono kwenye simu, mara sindano imepita kwenye kucha. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana wa kompyuta ambaye akianza kueleza kazi yake watu wote hukumbuka wameacha sufuria jikoni, akamwekea Karani. Karani ni akili bandia inayokaa kwenye simu, inajibu ujumbe wa wateja na kugawa siku.

"Ya bei gani?" Tarehe aliuliza.

"Ya bure. Inatengenezwa na watu wa dunia nzima, hata hawajuani. Na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ndani." Akamwona fundi amekunja uso, akabadilisha lugha. "Chukulia koti lisilo na bitana. Mishono yote iko nje. Mshono ukiachia, anayejua sindano anaushona, na wote wenye koti wanapona."

Hapo Tarehe akalainika. Siku zote anasema bitana ndiyo inayoficha uvivu wa mafundi.

Akampa Karani masharti kwa sauti yake mwenyewe, nikimsikia: siku iliyojaa usimpe mtu, hata akilia. Isipokuwa mama mkwe wangu. Mama mkwe akisema kesho, ni kesho.

Wengine huacha mlango wazi kwa kusahau. Tarehe aliuacha kwa adabu.

Wa kwanza kupita alikuwa shangazi mmoja wa bibi harusi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alitaka magauni sita ya wasimamizi Ijumaa ya wiki inayofuata. Karani akamjibu kwa upole kwamba Ijumaa imejaa. Shangazi akauliza imejaa hata kwa nani. Karani, ambaye hakufundishwa kunyamaza, akasema imejaa kwa watu wote ila mama mkwe wa fundi.

"Basi ndiye mimi," shangazi akaandika.

"Shikamoo mama. Ijumaa ni yako."

Habari kama hiyo haikai. Wiki haijaisha, nusu ya soko walikuwa wamemuozesha Tarehe. Muuza nyama, mtu mwenye ndevu mpaka kifuani, alijiandikisha mama mkwe akapata kaptula mbili. Tarehe kila asubuhi anasoma siku alizogawa Karani, anaandika kwa chaki, anashangaa mwezi huu watu wana haraka gani.

Aligundua siku muuza nyama alipokuja kuchukua kaptula na kumwita "mwanangu".

Shemeji akaitwa, akaja mbio. Akasema jambo lenyewe limeshatangazwa kwenye habari za teknolojia: akili bandia hizi zinaamini kinachoandikwa, ukijiita bosi, wewe bosi. Wale watu wa koti lisilo na bitana walikuwa wameshaliona tundu na wametoa kiraka, bure vilevile. Kiraka kilitaka swali la siri, ambalo jibu lake analo mama mkwe peke yake.

"Na hizi siku za waongo?" shemeji akauliza. "Zifute."

"Chaki si ya Karani," Tarehe akasema. "Chaki ni yangu."

Swali akalichagua mwenyewe: siku ya kwanza kufika nyumbani kwenu nilivaa nini? Jibu akaliandika mwenyewe pia, amempa shemeji mgongo.

Sasa turudi kwa mama mkwe. Ni muuguzi, na Ijumaa hii zahanati inamuaga, anastaafu. Kitambaa chake cha zambarau kilikuwa pale mezani, hakijakatwa, hakina chaki.

"Nilimwandikia Karani nipate Ijumaa, akaniuliza ulivaa nini," akasema. "Nikamjibu. Suti ya kuazima. Mikono imeishia karibu na viwiko, na suruali umeishikilia kwa mkono mmoja tangu unaingia mpaka unatoka. Tukadhani una tumbo."

Kule kwenye fotokopi mashine ikazimwa.

"Akaniambia si sahihi. Nikaongeza soksi. Moja nyeusi, moja ya bluu. Akaniambia nimekosea tena, nipumzike nirudi kesho. Sasa mkwe wangu, hebu niambie, jibu sahihi ni lipi?"

Tarehe akageuzageuza simu. Mama mkwe akaichukua mkononi mwake, kwa adabu zote za muuguzi anayemnyang'anya mgonjwa sigara, akampa shemeji, yaani mwanawe, aliyekuwa mlangoni anajifanya mpita njia.

"Fungua. Si mnasema mishono yote iko nje?"

Kijana akafungua. Akasoma polepole: "Suti ya kijivu, iliyonikaa sawasawa."

Nilikuwa nahesabu zipu. Nikapoteza hesabu.

"Kwa hiyo waongo wote wa soko wameingia," mama mkwe akasema, "mkweli mmoja amebaki nje. Na Ijumaa yangu anayo shangazi wa watu."

"Nitashona yote, mama."

"Kwa mikono mingapi? Yale ni magauni sita."

Tarehe akachukua chaki, akageuza kitambaa cha zambarau upande wa ndani, akaandika: Ijumaa. Mkono ulitulia, ila sikio lake lilikuwa limeanza kung'aa kwa jasho. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiandika siku asiyokuwa nayo.

Mama mkwe akaisoma ile chaki. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akavaa miwani.

"Miaka yote hii nimeshona watu," akasema. "Vichwa, magoti, hadi ulimi wa mlevi, naye anaimba. Pindo za magauni ya wasimamizi hazinishindi. Nitakupindia yote sita, upate nafasi ya langu, na chaki yako isione aibu. Sharti moja. Useme hapa, hawa jirani zako wakisikia, ile suti ilikuwa ya nani."

Vichwa vikachungulia korido nzima. Hata muuza nyama, aliyepita kuongezewa mkanda, akasimama.

"Sema tu, mwanangu," akamsihi.

Tarehe akakunja kitambaa cha zambarau, akakiweka kwapani. Akachukua mkasi mkubwa na rula. Akampitia mama mkwe pembeni, ameinamisha kichwa kwa heshima, akaelekea kwenye meza ndefu ya kukatia iliyoko mwisho wa korido.

"Nimekuuliza," mama mkwe akasema, huku anatunga uzi.

Alitembea bila kugeuka. Alipofika kwenye ile meza nilimwona akivuta mikono ya shati lake chini, mmoja, kisha na wa pili, mpaka ikafunika vifundo vya mikono.