Ng'ombe wa Kunyanyuliwa

Baba yangu alitolewa figo moja Mwanza kwa sababu ya saratani, na siku ya kuruhusiwa daktari alituita ofisini kutueleza yanayofuata. Alikuwa kijana mpole. Alisema wanatazama uvimbe ulikuwa na ukubwa gani, ulishatoka nje ya figo au la, na seli zake zilionekanaje kwenye darubini. Kila kitu kina alama yake. Wakijumlisha, wanakisia hatari ya ugonjwa kurudi. Baba aliangukia kundi la kati. Nilitaka kuuliza, kundi la kati ndiyo ataishi au hataishi? Badala yake nikaikunja karatasi yake ya alama, nikaitia kwenye mkoba.

Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Wangu aliuliza yeye. Alitaka kujua kama hizo alama zinahesabu pia mtu anaamkaje asubuhi. Daktari akatabasamu, akasema hapana. Baba akamtazama kwa huruma, kama anatazama fomu iliyojazwa nusu.

Hapo nikajua tumekwisha. Baba ni mfugaji wa Dutwa, na ana utaalamu wake. Miaka ya ukame alikuwa anaingia zizini alfajiri, anasimama kimya na fimbo yake. Ng'ombe akiinuka mwenyewe, huyo ataiona mvua. Akishindwa, mkamnyanyua kwa mkia na pembe, huyo hana maisha. Majirani walikuwa wanamwita awatazamie ng'ombe wao, na hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutokumbuka.

Basi tuliporudi nyumbani ikawa marufuku kumshika. Mshono haujakauka vizuri, mzee anatufukuza chumbani mimi na mama, eti ainuke mwenyewe. Tunasimama nje ya mlango tunamsikia anavyoguna. Nilichukia kwelikweli. Mimi ni mwalimu Bariadi mjini. Niliomba ruhusa kazini nije kumuuguza baba, kumbe nimekuja kuuguza mlango. Akishatoka anajipangusa jasho, anatusalimia "Mwangaluka!" kwa sauti ya mtu anayetaka kugombea udiwani. Mama alisema mumewe akifa atakufa kwa kiburi, figo itasingiziwa tu.

Wiki ya saba, asubuhi moja, hakutoka. Chai ikapoa. Mama alikuwa amekwenda kisimani. Niligonga, kimya, nikaingia. Baba alikuwa amelala chali, macho kwenye bati, mto umelowa. Nilikuja kujua baadaye kwamba jana yake alitoroka kwenda kupalilia pamba mistari miwili, mgongo ukakaza. Yeye wala hakulifikiria jembe.

"Nimeshindwa kuinuka," alisema. "Tangu alfajiri."

Nikaogopa. Nasema ukweli wangu: mimi niliyesoma, niliyeibeba karatasi ya daktari kwenye mkoba siku zote hizo, saa ile nilimwamini baba kuliko karatasi. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikawa namwona ng'ombe wetu mmoja mwekundu, alivyonyanyuliwa asubuhi, na mchana hayupo. Ndipo hasira ikaja kuniokoa.

"Baba, wale ng'ombe wa kunyanyuliwa ulikuwa unawapeleka wapi?"

"Kwa mwenye bucha."

"Siku gani?"

"Siku hiyohiyo. Ulitaka nisubiri wakonde zaidi?"

"Sasa wangepona saa ngapi?"

Akarudisha macho kwenye bati, midomo yake ikawa inacheza. Nadhani alikuwa anawapitia mmoja mmoja kwa rangi zao. Sijawahi kumshinda baba kwa maneno tangu nizaliwe, na siku nimemshinda nikakosa hamu ya kucheka, kwa sababu kidevu chake kilikuwa kinatetemeka. Alikuwa anaogopa kufa, baba yangu, na alikuwa ameogopa peke yake wiki zote hizo ndani ya chumba kilichofungwa.

Akaninyooshea mkono.

"Basi mimi usiniuze," alisema.