Ukuta wa Silvano

Silvano wa Kwai aliwahi kuwa askari jela huko Tanga enzi za Mwingereza, na kwa kazi hiyo ya kushika funguo alijiona anaijua tabia ya mwizi kuliko Mungu aliyemuumba. Alirudi milimani na mkanda wa kazini kiunoni na majivuno ambayo hata baridi ya huku haikuyapoza.

Kijiji chetu cha ujamaa kilipoamua kujenga duka la ushirika, kamati ilimkabidhi yeye ujenzi. Akajenga jela. Madirisha hakuna. Mlango mmoja, nao akauelekeza msituni, eti wapita njia wasiitamani mali. Kisha akalizungushia duka ukuta wa mawe unaompita mtu mrefu, na juu yake vipande vya chupa.

Dorkasi, mjane aliyekuwa akiuza kabichi karibu na bomba la maji, alimfuata palepale.

"Shikamoo, mzee. Mlango ungetazama huku bombani. Sisi tuko hapa kutwa, tungemwona kila anayeingia."

"Marahaba. Tangu lini mwizi akaogopa macho ya wanawake? Nenda kachote maji."

Duka halikumaliza mwaka. Mchana kweupe, duka likiwa limefungwa na wanawake wakipiga soga bombani, wezi walitokea msituni, wakatandika magunia juu ya zile chupa, wakaruka. Wakatoboa tofali mbichi taratibu, wakala biskuti, wakaondoka na sukari na vitenge. Ukuta uliwasitiri vizuri kabisa.

Silvano akaamuru ukuta uongezwe kimo. Wezi wakarudi. Safari hii walikaa wakavuta na sigara.

Kwenye mkutano wa kijiji alitulaumu sisi: tu washamba, hatujui ulinzi. Dorkasi akasimama.

"Mzee, kule jela ukuta ulikuwa wa kuwazuia watu wasitoke. Hapa unamzuia nani, kama si sisi tusione?"

Silvano akaukaza mkanda wake wa kazini, akasema, "Mwanamke huyu hana adabu."

Tuliubomoa ukuta, mawe tukajengea baraza, mlango tukauhamishia upande wa bombani. Dorkasi akapanga kabichi zake barazani. Wizi ukakoma.

Silvano aliapa hatakanyaga pale. Akawa anatembea hadi Lushoto kununua chumvi, mpaka magoti yakamgomea. Hapo akaanza kumtuma mkewe Yunis, naye Yunis alikwenda dukani kwetu, hatua chache tu kutoka nyumbani. Mzee alikula chumvi ile hadi alipofariki, wala hakuuliza hata mara moja imetoka wapi.