Siku Mbili za Kulenga Shabaha

Mdogo wangu ndiye aliyetuandikisha. Alinipigia simu kutoka Sur siku ya Jumanne, nikiwa kazini maabara, akaniambia Ijumaa na Jumamosi nisipange kitu, tunakwenda upande wa Nizwa kujifunza kupiga bunduki.

"Bunduki ya nini?" nikamuuliza.

"Ya shabaha, dada. Mafunzo ya wanawake wanaoanza. Nimeshaandikisha majina yetu, kwa hivyo usiniambie huwezi."

Sikumwambia siwezi. Wakati ule ukiniambia twende nilikwenda, ukiniambia tukae nilikaa. Ilikuwa imepita miezi minne tangu mama yetu kufariki, nyumbani kwangu Ibra, baada ya kulala kitandani miaka minane. Miaka hiyo nilimuuguza mimi, kwa kuwa sina mume wala mtoto, na mdogo wangu ana watoto wanne na nyumba yake iko Sur. Mama alipokufa sikulia. Matanga yakaisha, sikulia. Wanawake waliokuja kutupa pole walinishika mikono wakanitazama usoni, wakangoja, kisha wakahamia kwa mdogo wangu, ambaye alikuwa analia kama watu wanavyolia. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu mkubwa mkavu." Sikuudhika. Nilikwenda jikoni kuongeza kahawa.

Basi Ijumaa asubuhi alinipitia. Ilikuwa Januari, baridi imekaza, na vioo vya gari vina umande. Njia nzima alizungumza yeye: watoto, mume, jirani aliyejenga ukuta mrefu. Mimi niliitikia pale palipohitaji kuitikiwa. Tulipofika Birkat al Mauz tulinunua ndizi kando ya barabara tukazila garini, na kutoka hapo tukaendelea mpaka njia ya changarawe iliyotupeleka uwanjani. Palikuwa mahali tambarare chini ya mlima, pana tuta kubwa la udongo mbele na paa la mabati nyuma, na mikeka imetandikwa chini kwa mstari.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa miaka kama thelathini, amevaa viatu vya kupandia mlima chini ya abaya yake. Alianza kwa Kiarabu, lakini alipotusikia mimi na mdogo wangu tukisemezana, akacheka.

"Bibi yangu wa Pemba," alisema. "Kiswahili changu mbovu, lakini nasikia kila kitu. Shikamoo, khala."

Aliniita khala, yaani mama mdogo, kama tumejuana siku nyingi.

"Marahaba," nikamjibu.

Kama yupo mtu anayefikiria kwenda kwenye mafunzo kama yale, ajue kwamba siku ya kwanza hapigi risasi hata moja. Mdogo wangu hakulijua hilo na alinuna. Tulikuwa wanawake tisa, na asubuhi nzima tulikaa chini ya bati tukifundishwa mambo ambayo ukiyasikia unayaona ya kitoto. Bunduki siku zote ihesabu ina risasi. Mtutu uelekee kwenye tuta, usigeuke kushoto wala kulia, hata ukiitwa jina lako. Kidole kikae nje, kisiguse kifyatulio mpaka uwe umekwisha kulenga na umeamua. Na ukifyatua risasi isitoke, usiinuke, usichungulie. Baki vilevile umeelekea mbele, inua mkono mmoja, ungoje mwalimu aje. Alituuliza mmoja mmoja tukariri, kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Bunduki kila siku iko na risasi," alisema, "hata kama hana."

Baada ya sala ya adhuhuri tulilala kifudifudi kwenye mikeka. Viwiko viliniuma papo hapo. Changarawe inapita mkeka, na mtu wa miaka yangu hana nyama ya kuweka kati. Kitako cha bunduki kinakaa begani, shavu linalala juu yake, na jicho linatafuta ile ncha ya mbele kupitia kitundu cha nyuma. Alitufundisha kufyatua bila risasi. Akaweka sarafu ya baisa hamsini juu ya mtutu wa kila mmoja, karibu na ncha, akatuambia tufyatue sarafu isianguke. Sarafu ya mdogo wangu ilianguka kila mara, na kila mara alicheka mpaka bunduki yote ikatikisika. Yangu haikuanguka. Nilifyatua mara kumi, mara ishirini, sarafu imekaa pale pale.

"Mashallah," mwalimu akasema, amechutama ubavuni pangu. "Moyo yako tulivu, khala."

Nilijua moyo wangu haukuwa umetulia. Moyo uliotulia unajua kilichopo na unakaa nacho. Wangu ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unauona ni wako, unaubonyeza kwa kidole, hausemi kitu.

Kisha akatufundisha pumzi. Vuta, toa, na pale mwisho wa kutoa, kabla hujavuta tena, kuna kituo kidogo ambacho mwili wote unanyamaza. Hapo ndipo pa kufyatulia. Wenzangu walisumbuka kukipata kituo hicho, wengine wakizuia pumzi mpaka wakawa wekundu. Mimi nilikijua zamani. Wiki za mwisho za mama nilikaa karibu na kitanda chake nikikisikiliza. Alikuwa anatoa pumzi, ananyamaza, nami ninahesabu mpaka avute nyingine. Kwanza nilikuwa ninafika nne au tano. Baadaye nikawa ninafika kumi na mbili.

Hayo nilimwambia nani? Hakuna. Jioni tulikula wali na mishkaki Nizwa, tukalala hotelini.

Siku ya pili tukapewa risasi. Zilikuwa ndogo, nyembamba kuliko kalamu, na bunduki zenyewe nyepesi. Hazipigi teke la kuumiza bega kama watu wanavyosimulia. Kinachoshtua ni mlio. Tulivaa vizibo vikubwa vya masikio, na ukivivaa dunia inakwenda mbali, unabaki kusikia pumzi yako mwenyewe kwa ndani. Lakini mlio unapita hata hivyo, mkavu, kama ubao uliovunjwa. Mwanamke wa mwisho wa mstari alipiga yowe risasi yake ya kwanza ilipotoka. Mdogo wangu alifumba macho yote mawili na risasi yake ikapiga udongo mbali na karatasi. Mimi nilitoa pumzi, nikafika kwenye kituo, nikafyatua. Nikafanya hivyo mara tano.

Mwalimu aliniletea karatasi yangu. Matundu matano yalikuwa yamekaa pamoja, chini kidogo ya katikati, hata ungeweza kuyafunika kwa kizibo cha chupa. Aliwaonyesha wengine. Wakapiga makofi.

"Hushtuki kabisa," aliniambia. "Watu wote anashtuka."

Nilisema ahsante. Nilisubiri nijisikie furaha, kidogo tu, kama mtu anayesubiri maji kwenye bomba. Hayakuja.

Ilikuwa katika mzunguko wa tatu. Mdogo wangu alikuwa mkeka wa kushoto kwangu. Nilimwona kwa pembe ya jicho akifyatua, na bunduki yake haikulia. Akafyatua tena, kimya. Nadhani alisahau yote, au alitaka tu kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiweza. Akainuka, akakaa, akanigeukia na bunduki mikononi mwake, kidole bado kiko kwenye kifyatulio.

"Dada, mbona haitoki?"

Mtutu ulikuwa umeelekea kifuani pangu, hatua moja na nusu. Nilikitazama kile kitundu, kidogo, cheusi, cha mviringo. Niliona uso wa mdogo wangu nyuma yake. Nikamwambia, kwa sauti ya kumwambia mtu kuna punje ya wali kwenye kidevu chake, "Geuza huko."

Mwalimu aliwahi kabla yake. Aliushika mtutu kwa mkono akaukandamiza mpaka ukagusa mkeka, huku akipiga kelele, "Acheni! Wote acheni kupiga!" Akamtoa bunduki mikononi taratibu, akaielekeza kwenye tuta, akangoja, kisha akaifungua. Risasi ilidondoka, ina alama ya kugongwa. Haikuwaka. Hakumfokea mdogo wangu. Alimwambia tu aondoke kwenye mstari akakae kivulini.

Nami nikanyanyuka nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bati, mikono ameiweka kwapani. Nilimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa tuliyokuja nayo. Hakuipokea.

"Ningekuua," akasema.

"Haikutoka."

"Dada! Nimekuelekezea bunduki, na wewe umenitazama tu." Alikuwa ameanza kulia. "Ndivyo ulivyonitazama siku ile. Nimekuja kutoka Sur, gari sijui nimeiendeshaje, umenifungulia mlango, na neno la kwanza unaniambia, viatu viache hapo nje, nimeshapiga deki."

Nilikuwa sikumbuki kama nilisema hivyo. Lakini aliposema nikajua ni kweli, nikaiona sakafu ilivyokuwa ina maji.

"Nilikuwa nimepiga deki," nikasema.

"Mama kafa alfajiri. Umenipigia saa mbili. Kwa nini?"

Hilo swali alikuwa nalo miezi minne, na kumbe aliniandikisha bunduki ili apate siku mbili za kukaa nami mahali pasipo watoto wala wageni. Aliniambia hivyo baadaye. Pale nilikaa kiti cha pili nikajaribu kumpa jibu la kweli.

Nikamwambia nilisali alfajiri nikarudi chumbani. Mama akatoa pumzi, akanyamaza. Nikahesabu kumi na mbili, nikahesabu ishirini, nikafika sitini, nikaendelea kidogo. Kisha nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa ushungi wake, nikamnyoosha. Halafu nikatazama sakafu, nikaona watu watakuja. Nikapiga deki chumba chake, ukumbi, jikoni, mpaka ngazi za nje. Nilikunja nguo zilizokuwa zimekauka. Nilikunywa chai, nimekaa, kikombe kizima.

"Miaka minane nilikuwa na haraka," nikamwambia. "Nikiwa kazini nina haraka, sokoni nina haraka, hata nikioga nina haraka. Siku ile sikuwa na haraka tena. Ndiyo hivyo tu. Sikukusudia kukunyima."

Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kule kwenye mstari wenzetu walikuwa wameanza tena kupiga.

"Mimi nilikuwa nakuja Ijumaa na kikapu changu cha matunda," akasema. "Nakaa saa mbili, tatu. Nikitoka, nikishapita taa za barabarani za Ibra, nafungua redio. Nashukuru nimetoka. Kila Ijumaa, dada. Nilikuwa nashukuru."

"Na mimi ningeshukuru," nikasema.

Akapokea chai.

Mwalimu alikuja kutuuliza kama tunaweza kumaliza. Mdogo wangu akasema yeye basi, atatazama. Mimi nikarudi kwenye mkeka. Nikavaa vizibo, nikalaza shavu, nikaanza kuvuta na kutoa. Na mle ndani ya vizibo, pumzi ilivyotoka na kunyamaza, nikajikuta ninahesabu. Sikuweza kufyatua. Nikavuta nyingine, nikatoa, nikahesabu tena. Mara ya tatu kidole kilivuta chenyewe, mlio ukaja, na mwili wangu wote ukaruka. Risasi ilipiga udongo juu ya karatasi. Zilizobaki nne zilikwenda zilikotaka. Nilipoweka bunduki chini jasho lilikuwa limenitoka katika baridi ile.

Mwalimu aliitazama karatasi yangu, kisha akanitazama mimi.

"Umechoka, khala?"

"Nimechoka."

"Siku ya pili watu anaharibu. Kawaida." Akaikunja karatasi nzuri ya asubuhi akanipa, ile nyingine akaiacha.

Tulirudi Ibra kwa gari, mdogo wangu akiendesha polepole. Alitakiwa aniteremshe aende zake Sur, lakini aliingia ndani, akavua viatu mlangoni, akampigia mumewe kumwambia atabaki siku mbili. Jumapili, ambayo kwetu ndiyo wiki ya kazi inaanza, nilikwenda kazini kama kawaida. Niliporudi nilimkuta amefungua madirisha ya chumba cha mama, ambacho mimi nilikuwa nimekifunga, na amevua mashuka yote. Kitanda kilikuwa cha hospitali, kizito, cha kunyanyua kwa mkono wa chuma. Alikuwa amekaa sakafuni na bisibisi, amefungua miguu miwili, mingine imemshinda.

"Shika upande huo," akaniambia.

Nikaushika. Tulikitoa vipande vipande mpaka barazani, na Jumatatu walikuja watu wa mtaa wa pili kukichukua, baba yao alikuwa amepooza. Nilimwonyesha mke wa mtoto wake jinsi ya kugeuza ule mkono wa chuma bila kuumia kiuno, na jinsi ya kumlaza mgonjwa ubavu asipate vidonda. Alinisikiliza kwa makini, akauliza maswali mazuri.

Kulia nililia, lakini baadaye sana, mwezi wa Ramadhani, na kwa jambo dogo lisilo na maana kwa mtu mwingine. Nilimpigia simu mdogo wangu Sur nikamwambia. Akasema sawa, akaniomba nisikate simu, akaiweka karibu yake jikoni akaendelea kukaanga sambusa zake, mimi huku ninamsikia.