Mama wa Omena na Tofali la Plastiki

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa Bumala, nikinunua ndizi. Mwanamke aliyekuwa jirani yetu zamani alinishika mkono akasema, "Mwalimu, yule mama wa omena ametuacha. Tunamzika Jumamosi, Busibwabo." Wasomaji wangu hawamjui, na jina lake sitaliandika, maana hakupenda kutajwatajwa. Katika miaka ya sabini, nilipokuwa mwalimu kijana mjini Busia, nilipanga chumba nyuma ya nyumba yake.

Wakati huo watu walivuka kutoka Uganda kwa hofu ya askari wa serikali yao, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Asubuhi moja mwanamke mgeni alisimama sokoni mbele ya meza ambapo mama huyo aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, ameshika mtoto wa kike wa miaka kama mitatu. "Mama, nishikie huyu kidogo," alisema. "Narudi kuangalia baba yake." Hakuonekana tena. Mtoto hakutamka neno, ila alikuwa amefumbata kipande cha plastiki chekundu, chenye vinundu vya mviringo juu na mfereji mwembamba ubavuni. Mama wa omena aliamini kwamba akijua kitu kile ni nini, atajua mtoto katoka kwa nani. Alizunguka nacho hadi Malaba. Fundi redio alisema si cha redio. Mshonaji alidhani kimetoka kwenye cherehani. Mimi nilisema labda ni kifuniko cha dawa.

Aliyekitambua ni mteja wake mmoja, mwanamke aliyewahi kuwa yaya kwa Mhindi mmoja huko Tororo, ng'ambo ya mpaka. Alikigeuza kiganjani, akatabasamu kidogo. "Hii ni tofali ya watoto kuchezea. Wanapachika moja juu ya ingine, wanajenga nyumba. Watoto wa Mhindi wangu walikuwa nazo. Hii ni ile ya zamani kabisa. Hapa kwa mfereji ndio dirisha inaingia. Zile zilikuja baadaye hazina." Mhindi yule alipofukuzwa nchini, alieleza, vitu vya watoto vilibaki ndani, na nyumba ikachukuliwa na mwalimu mmoja na mkewe, waliokuwa na mtoto mdogo wa kike. Akajitolea kwenda kuuliza. Aliporudi, aliketi kwanza kabla ya kusema. "Askari walichukua bwana. Bibi akaenda kambini kumuulizia. Majirani wanasema hakutoka." Mama wa omena alifunika samaki wake kwa gunia, akaenda nyumbani mchana kweupe. Nilimkuta jikoni, mtoto amelala mapajani mwake, naye analia bila sauti.

Majirani tulimshauri amlee tu kama wake, asimwambie kitu. Alitusikiliza mpaka mwisho. "Sasa mnataka nimwibie mama yake?" aliuliza. "Huyu hakutupwa. Lazima ajue hiyo." Basi akawa anamwambia kidogo kidogo, kwa kadiri ya umri wake. Siku moja nilimsikia akimsuka nywele huku akisema, "Mama yako alikuwa mrefu. Alivaa gomesi, ile gauni ndefu ya kwao, ya kijani. Alikupenda, ndio akakuacha pahali salama." Mtoto akauliza kama atarudi. Mama akasema, "Hapana, mwanangu. Nadhani hatarudi." Mikono yake haikuacha kusuka.

Jumamosi ile binti huyo, sasa mtu mzima mwenye watoto, alisimama karibu na jeneza, na wana wa marehemu wakasogea kumpa nafasi ya mbele. Alisema maneno machache tu: "Leo nazika mama mmoja, lakini nalilia wawili." Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sisi watu wa mpakani tunasifiwa kwa ukarimu, na ni kweli, hatumnyimi mgeni uji. Lakini nikirudi nyumbani niliwaza jinsi ilivyo vigumu zaidi kumtafutia mtu habari zake, hata zikiwa mbaya, kisha kukaa naye ukimwambia. Chakula, majirani sote tulimpa mtoto yule. Aliyemrudishia mama yake ni mmoja tu, na huyo ndiye tuliyemzika.