Askari Aliyetupa Mgongo

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja kitu.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Miaka ile ya vita vya mlimani, jeshi lilipopiga kambi kwetu kuwasaka waasi, kamera zikiwa bado za tepu, mimi na Barasa, jamaa wangu wa kunasa sauti kutoka Kibomet, tulikuwa tukitengeneza filamu ya maisha ya wanajeshi kambini: wakinyoana, wakifua soksi, wakigombania ukoko wa ugali. Siku ya mwisho nikaona askari mmoja amekaa kando akimenya viazi, ametupa mgongo. Nikauliza ni nani. Mpishi akajitia kukoroga maharagwe. Sajini akasema, "Huyo achana naye."

Sasa niambie, mtu wa kumenya viazi anafichwa kwa nini? Nilishuku kuna jambo. Barasa alishuku kunishinda.

"Si nimwekee maiki tu, bana? Ataongea," akasema, akaenda.

Sisi wapiga picha hatufumbi jicho. Moja liko kwenye kamera, lingine liko nje kuangalia hatari. Jicho la nje liliona mgongo na kisu kikienda. Jicho la kamera, haki ya Mungu, liliona uso. Alikuwa amenigeukia, ananitazama. Nikadhani kamera imeharibika. Barasa alipoinama kumbandika maiki, yule wa nje hakutikisika. Yule wa ndani ya kamera alimshika Barasa kichwa kwa mikono miwili, polepole, kama mama anayempima mtoto homa, akakigeuza.

Nikapiga kelele. Barasa akarudi mzima, ila kicheko kimemwisha.

"Uko sawa? Umemwona uso?"

"Ati uso? Nimezunguka hadi mbele. Mbele pia ni mgongo."

Nilimkabidhi sajini ile tepu. Aliipokea kama mtu aliyekuwa akiingoja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tangu siku hiyo Barasa anakula akiangalia ukuta, anaongea akiangalia ukuta. Ukimzunguka, naye anazunguka. Juzi mkewe, aliyevumilia miaka yote hii, alinipigia simu akilia. "Shemeji, kuja na kamera yako. Mimi naona mgongo tu. Nataka nijue kama huyu ni yeye."

Sijaenda. Naogopa, nakwambia wazi. Je, nikiweka jicho nikute si Barasa?

Wewe ukimkuta mtu amekupa mgongo, pita zako, usimzunguke. Mtoto wa mwisho wa Barasa, aliyezaliwa baada ya siku ile, sasa ni kijana, na hajawahi kuuona uso wa baba yake.